Nyumba ya Vikombe Vilivyojaa

Ukipita Muhumba, mtaa wetu wa Bukavu, saa nane ya mchana, ukamwona mwanaume mwenye abacost, suti ile isiyo na tai, ya kijani amelala chali kwenye majani ya bustani yake, kofia juu ya uso, viatu vimepangwa pembeni kama vya mtu aliyejitupa ziwani, usipige kelele. Hakufa. Yuko Hispania.

Huyo ndiye Prof wetu wa jiografia. Jina analo, lakini mtaani na shuleni hakuna anayelitumia. Mke wake mwenyewe anamwita Prof. Alizaliwa wapi, baba yake alikuwa nani, hayo mumuulize yeye, ila mjitayarishe, atawajibu kwa ramani. Mimi nimekua nyuma ya ua wake, na nimekaa mbele ya ubao wake tangu nianze sekondari. Kati ya ua na ubao nimemwona vya kutosha, na ninaweza kuwaeleza jinsi mtu huyu, kwa ajili ya afya ya dunia nzima, alivyokaribia kumkosesha binti yake mume.

Kazi yake ya serikali ni milima, mito na madini. Kazi ya roho yake ni kutafuta jinsi watu wa dunia wanavyoishi vizuri. Utajiri wao haumhusu. Anataka kujua wanalala namna gani, wanaoga namna gani, wanakula wamekaa wapi. Anayaokota kwenye redio yake yenye sauti ya kikaango, kwenye magazeti ya zamani ambayo mapadri wanamwachia, na kwa kila mgeni anayekosea njia akapita mbele ya nyumba yake. Akisikia kwamba nchi fulani watu wanatembea polepole baada ya kula, jioni ileile utamwona kwenye barabara ya Nguba, yeye mbele, mke nyuma, mabinti nyuma ya mke, wote wanatembea kama watu wanaofuata jeneza. Siku ya kwanza wapita njia walivua kofia.

“Pole, Prof. Nani amekufa?”

“Hakuna. Tunasaga chakula.”

Darasani alituletea Hispania pia. Alisema kule mtu akishakula mchana analala kidogo, ndiyo maana wanaimba vizuri. Tukalaza vichwa juu ya meza. Mimi nilikoroma kwa makusudi, kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, mpaka wenzangu wakaanza kulia kwa kicheko. Halafu tukasikia koromo la tatu, la kweli, likitoka mbele. Prof alikuwa ameondoka na usingizi. Hapo ndipo Préfet, mkuu wa shule, akafungua mlango.

“Citoyen! Kuna nini hapa?”

Prof hakufungua hata jicho. “Travaux pratiques, Citoyen Préfet. Somo la vitendo.”

Préfet akafunga mlango polepole, kama mtu anayetoka kwenye chumba cha mgonjwa.

Hivyo ndivyo alivyo. Sijawahi kumwona akisita. Wachina wanakunywa maji ya moto, basi kwake hata kwenye jua la Julai utapewa maji yanayotoa moshi. Wajapani wanajisafisha kwanza ndipo waingie kwenye maji ya kuoga, basi akaja kuwaeleza wazazi wangu. Maman yangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: “Banaoga mbele ya kuoga? Na sabuni yabo inatokaka wapi?” Maana mwaka huo sabuni ilikuwa imepotea kwenye maduka yote ya Bukavu. Prof akasema hilo ni swali la uchumi, yeye ni wa jiografia.

Msifikiri kwamba anafuata yote anayofundisha. Anahubiri kutafuna polepole kama watu wa milima fulani ya mbali wanaoishi sana, lakini weka sambaza wa kukaanga, visamaki vya ziwa letu, mbele yake: maombi hayajafika amina, sahani imebaki na mikia. Anatuimbia safari, lakini yeye mwenyewe amefika Goma tu, kwa mashua, na tangu kisiwa cha Idjwi mpaka bandarini alikuwa ameinama upande wa samaki. Nilimuuliza safari ilikuwaje. “Mimi nilikuwa sawa,” alisema. “Ziwa ndilo lilikuwa na makosa.”

Wakati huohuo, shuleni na redioni kila siku tunaambiwa authenticité: turudie desturi za mababu, tuache majina ya watakatifu, tuache tai, tuitane citoyen, yaani mwananchi. Prof tai aliacha, jina aliacha. Lakini mababu aliowarudia ni wa watu wengine. Kuna siku nilinyoosha kidole nikamuuliza: “Prof, authenticité yenu inatokaka Finlandi?” Nilikaa nje ya darasa mpaka kengele. Sikujuta.

Finlandi yenyewe ina hadithi yake. Redio ilikuwa imemwambia kwamba kule kaskazini watu wanajifungia kwenye nyumba ndogo ya mbao, wanamwaga maji juu ya mawe ya moto, wanatoka jasho la maisha yote, halafu wanakimbia kujitupa kwenye theluji. Prof hakupata amani tena. Mbao alikuwa nazo, mawe yako ziwani, jasho tunalo bure. Iliyokosekana ni theluji. “Ziwa litafanya kazi ya theluji,” akasema, akajenga kibanda nyuma ya jiko.

Mgeni wa kwanza alikuwa Papa yangu, ambaye hajui kukataa mwaliko. Wakaingia wawili na kaptula zao. Sisi wengine tulisimama nje kama watu wanaongoja mikate. Mke wa Prof alikuwa na beseni mikononi na maneno mdomoni.

“Kwetu mutu akiwa na homa, tunamufunika blanketi, tunamuwekea sufuria ya majani ya mukaratusi. Anatoka jasho, anapona. Hatumujengeaka nyumba!”

“Ile ni dawa,” sauti ya Prof ikajibu kutoka ndani ya mvuke. “Hii ni civilisation.”

Mara mlango ukafunguka, wanaume wawili wazima wakatoka wakiwaka na kuteremka mteremko mbio kuelekea ziwa, katikati ya wamama waliokuwa wanafua.

“Ba papa! Nani anabafukuza?”

“Afya!” Prof alijibu bila kusimama.

Kitu kinachoniudhi kwa mtu huyu ni kwamba mara nyingi hakosei. Papa, ambaye mgongo wake ulikuwa unalalamika kila asubuhi kabla yeye mwenyewe hajalalamika, aliamka kesho yake akipiga mluzi. Mpaka leo anarudi kwenye kibanda kile. Lakini siku hiyo ya kwanza, walipopanda kutoka ziwani, Prof alimmiminia kikombe kikubwa cha kasiksi, pombe yetu ya ndizi, akamwekea mbele. Papa alikuwa ameacha maji yote ya mwili wake juu ya mawe yale. Alikiangalia kikombe. Akasema: “Aksanti, Prof. Sina kiu.” Alipofika nyumbani alishika bidoni, lile dumu la maji, kwa mikono miwili, hata kikombe hakutafuta.

Sasa nieleze, kwa yule ambaye hakukulia huku. Kwetu anayekupa kinywaji anakunywa wa kwanza. Anaonja mbele ya macho yako, ndipo anakupa mkononi. Si lazima awe adui. Shangazi anafanya hivyo, mama mkwe anafanya hivyo, jirani mliyebatizwa naye siku moja anafanya hivyo. Sumu, ile tunayoiita karuho, kila mtu anamjua mtu ambaye ndugu yake alipewa, ingawa hakuna anayemjua aliyempa. Basi asiyeonja, kiu ya mgeni wake inakwisha yenyewe.

Prof haonji. Alikataa tangu alipojenga nyumba ile, na sababu zake ni mbili. Ya kwanza ni mikrobi, vijidudu vya magonjwa: mdomo wangu na kikombe chako, akasema, ni nchi mbili, kuna mpaka. Ya pili alikuwa anaisema kwa sauti ya chini, na nafikiri ndiyo iliyokuwa ya kweli. “Mimi si muuaji. Kwa nini kila mgeni akija nianze kwa kujitetea?” Hata mke wake alikatazwa kuonja. Kwa hiyo kwake wageni walikunywa soda, chupa ikifunguliwa mbele yao, na soda zikikosekana mjini walikunywa hewa safi. Hakuna aliyemshuku. Maman yangu alimaliza maneno yote: “Miye Prof namupenda. Ni tumbo yangu njo haimujue.”

Yeye alifikiri kwamba sisi sote tumejifunza kunywa kidogo, kwa afya.

Binti yake mkubwa ni Nsimire. Ana sauti ya baba yake na akili ya mama yake, na hilo si jambo la kuchezea. Alipendana na Bisimwa, kijana wa Katana, mpole, mrefu, anayetembea kama anaomba msamaha kwa urefu wake. Wakafika mahali pa kuita wazee. Na wazee wakija kuangalia nyumba ya binti, soda haifanyi kazi. Lazima kasiksi, na lazima inywewe. Wasipokunywa, hakuna kilichosemwa siku hiyo ambacho kimesemwa.

Nsimire aliniita nije kukaa na wageni. “Kazi yako ni kubachekesha,” alisema. “Ukibachekesha sana, pengine batasahau kuangalia.”

Walikuja Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima. Mbele alikuwa babu yake Bisimwa, mzee mdogo wa mwili, mwenye fimbo na macho ambayo hayakosi kitu. Nyuma yake shangazi na wajomba. Nilichekesha. Nilimwiga Préfet, niliiga redio ya Prof, niliiga hata mashua ya Goma. Walicheka mpaka shangazi mmoja akafungua mkanda wa kitenge chake. Halafu Prof akaleta glasi zake nzuri, akazijaza kasiksi, akampa kila mtu yake, akainua ya kwake.

“Santé! Afya!”

Akagonga glasi na kila mgeni, kling, kling, mpaka mwisho wa duara. Akanywa ya kwake, yote. Wao wakaziweka chini.

Mimi nikaendelea kuiga. Niliiga mbuzi. Niliiga padri. Hakuna aliyeniangalia, wote walikuwa wanaangalia meza. Inzi mmoja akatua kwenye ukingo wa glasi ya babu, akatembea duara nzima, naye pia hakunywa. Bisimwa aliunyoosha mkono wake kidogo, maskini, na mjomba wake akakohoa, mkono ukarudi.

“Tunashukuru,” babu akasema, akasimama. “Njia ya Katana iko murefu.”

Baada ya siku chache shangazi mmoja alileta jibu, kwa heshima zote. Kijana ni wao, binti ni mzuri, baba yake ni mtu wa maana. Lakini hawawezi kuoa kwenye nyumba ambayo hawawezi kunywa. Watakuja mara moja tena, kwa ajili ya machozi ya Bisimwa, na ikiwa ni vilevile, basi.

Prof alikasirika kama bwana wa nchi. “Wananiita mulozi, mchawi, ndani ya nyumba yangu!”

“Hawakukuita kitu, Prof,” mke wake alisema. “Walisikia tu baridi.”

Nsimire alinifuata kwenye ua. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile. “Weye kila siku unamuchekaka Papa bure. Sasa mucheke kwa kazi. Mama ameongea, miye nimelia, haskii. Darasani njo anasikiaka, akiuliza ‘kuna maswali?’ Uliza.”

Sijawahi kupewa kazi nzuri kama hiyo. Nilingoja somo la Ulaya. Nilijua lingekuja, analirudia kila mwaka, na kila mwaka anafika mahali pamoja akafurahi. Alifika. Alichukua vikombe viwili vya bati kutoka mezani, akavigonga.

“Kwa nini Wazungu wanagonga glasi? Inasimuliwa kwamba zamani waliogopana. Basi walikuwa wanagonga kwa nguvu, pombe ya huyu inarukia kwa yule, ya yule kwa huyu. Ikiwa kuna kitu ndani, tutakufa wote wawili! Angalieni akili! Angalieni urafiki! Kuna maswali?”

Nikasimama. “Prof. Basi Wazungu waliogopa karuho?”

Darasa likapasuka. Yeye akangoja, vikombe mikononi.

“Ndiyo, mtu anaweza kusema hivyo.”

“Na wakagonga ili kuonyesha hawana.”

“Ndiyo.”

“Na hiyo ni akili.”

“Ni akili sana.”

“Prof, na sisi? Sisi tuko wapi kwenye somo?”

Ramani yetu ya dunia iko nyuma yake, ya kitambaa, ya tangu zamani. Kila kizazi cha wanafunzi kimeweka kidole mahali pamoja kikisema “tuko hapa”, mpaka Bukavu ikafutika. Ziwa limekwenda, jina limekwenda, kumebaki tundu unaloweza kupitisha kidole gumba. Prof aligeuka kuitazama, kwa mazoea, kwa sababu mtu akimuuliza wapi yeye anaigeukia ramani. Wa nyuma waliacha kucheka. Halafu akasema bila kugeuka:

“Toka nje.”

Nikatoka. Sikuwa nimefika hata kwenye bendera, nikamsikia mlangoni.

“Rudi ndani. Swali ni zuri. Mdomo ndio mbaya.”

Aliendelea na mito ya Ujerumani. Nyumbani alisikiliza redio yake kama kawaida. Nsimire alinitazama kila siku kupitia ua, nami nikainua mabega.

Wakaja mara ya pili. Wachache zaidi, vitenge vya kawaida, kama watu wanaokuja kuaga. Babu hakuiegemeza fimbo yake ukutani, aliishika magotini. Mimi nilikuwa nimekatazwa kuiga mtu yeyote. Mke wa Prof alileta kasiksi kwenye kibuyu, na safari hii kikombe kimoja tu, cha udongo, ambacho nilimwona Prof mwenyewe akikichemsha kwenye sufuria muda wote wa asubuhi mpaka nikafikiri anakipika.

Prof akasimama mbele yao. Alikuwa ameleta kijiti chake cha kuonyeshea ramani, sijui kwa nini, hapakuwa na ramani. Akasafisha koo.

“Citoyens na citoyennes. Upande wa magharibi wa Ziwa Kivu, kuanzia Bukavu kupanda mpaka Katana na kwingineko, wanaishi watu wenye desturi moja ya ajabu.”

Wajomba wakaangaliana.

“Watu hao,” Prof akaendelea, “wanalima ndizi. Kutokana na ndizi wanapata pombe. Na kabla ya kumpa mgeni pombe hiyo, mwenye nyumba anakunywa wa kwanza. Kutoka kikombe kilekile.” Akanyoosha kijiti. “Maana ya desturi hii ni nini? Nani anajua?”

Shangazi mmoja alianza kuinua kidole, akaona haya. Halafu fimbo ya babu ikapanda juu, polepole, kama mkono wa mwanafunzi wa benchi ya mbele.

“Miye, Mwalimu.”

“Sema, Muzee.”

“Ni kusema: kitu chenye kitakupata weye, kinipate miye kwanza.”

Kijiti cha Prof kilishuka mpaka kikagusa sakafu. Nilimwona akilisema tena bila sauti, midomo tu, jinsi anavyofanya akisikia kitu kipya redioni na hana kalamu.

“Vizuri sana,” akasema. “Keti.”

Babu alikuwa ameketi tangu mwanzo. Akakubali, akaketi zaidi.

Prof akajaza kikombe, akakiinua kwa mikono miwili, akanywa. Alikuwa na miaka ya kasiksi ya kulipia, hakujua pa kusimama. Alikunywa mpaka Nsimire akasema “Papa, baachie!” na povu likabaki kwenye masharubu yake kama theluji ile aliyoitafuta. Akafuta kinywa, akampa babu kikombe mkononi, mdomo kwa mdomo, nchi mbili bila mpaka. Babu akakiangalia. Akanywa. Akampa mjomba. Kikombe kikazunguka, kibuyu kikaisha, kikaletwa kingine, na mke wa Prof akakimbilia jikoni na kitambaa chake usoni, akisema ni moshi. Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi.

Fimbo ya babu ilikuwa imeegemea ukutani. Hakuna aliyeona ilifika hapo saa ngapi.

Nsimire yuko Katana sasa na mumewe. Prof hakubadilika hata kidogo, msije mkafikiri. Bado anatembea na jamaa yake kama msiba, bado anasema ziwa lilikuwa na makosa. Ila jirani wanaingia kwake bila sababu, na soda zinazeeka kwenye kabati. Tundu la ramani amelibandika karatasi kwa nyuma, akachora ziwa kwa mkono, vibaya sana, Idjwi inafanana na kiatu. Somo la Ulaya limekuwa na kipande kipya baada ya vikombe vya bati. Huwa ananitazama akifika hapo, ili nisiseme kitu.

Juzi nilikwenda kwake na maswali ya mtihani wa serikali. Nilimkuta Hispania. Nikapiga mluzi, nikaiga sauti ya Préfet: “Citoyen! Kuna nini hapa?”

“Travaux pratiques,” akajibu chini ya kofia. “Kaa.”

Alifungua termosi, akamimina maji ya moto ya Kichina kwenye kikombe cha udongo, akanywa funda moja, akanipa. Nilikigeuzageuza, nikakichungulia kama daktari.

“Prof, na mikrobi yenu?”

“Sasa ni ya kwako,” alisema, akarudisha kofia juu ya uso. “Kunywa.”